Utabiri upo, uamuzi haupo: kutafuta kasoro ilipo

Maafa yakitokea baada ya utabiri wa hali ya hewa kutolewa, lawama humwendea mtabiri kwanza. Modeli, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa ijayo, ni mbovu, vituo ni vichache, mitambo imezeeka. Yote hayo huwa kweli mara nyingine. Lakini ukiufuata mnyororo mzima, kuanzia kwenye kompyuta inayokokotoa hewa hadi kwa mtu anayesaini agizo la kuachia maji ya bwawa au kuhamisha watu, mara nyingi utakuta umekatika mbali sana na kompyuta. Ndiyo maana mwongozo huu unarudi nyuma: unaanzia kwenye uamuzi, kisha unapanda kuelekea kwenye modeli. Anayeanzia kwenye modeli anaweza kutumia miaka kuinoa huku taarifa zake zikiendelea kulala kwenye makabrasha.

Kipimo cha kwanza, kabla ya dalili yoyote

Chukua taarifa moja iliyotolewa zamani na ambayo haikumsaidia mtu. Mtafute yule aliyetarajiwa kuitumia, yeye mwenyewe na si idara yake, umuulize: ulikuwa unatakiwa kuamua nini? Siku ya mwisho ya kuamua ilikuwa lini? Nani mwingine alipaswa kuridhia? Ungechukua hatua na mvua isinyeshe, ungepoteza nini? Usingechukua na ikanyesha, je?

Asipoweza kutaja hata uamuzi mmoja ambao taarifa ile ingeubadilisha, kasoro umeshaipata, na hakuna modeli itakayoiondoa. Huenda pia akautaja vizuri kabisa, kisha ukagundua kwamba haruhusiwi kuutumia utabiri. Mabwawa mengi huendeshwa kwa kanuni zilizoandikwa miongo iliyopita, zinazomruhusu msimamizi kutazama tarehe na kina cha maji tu. Hata ukimpa utabiri mzuri wa siku tano zijazo, kanuni inamlazimu aachie maji yaliyovuka kiwango cha msimu. Hapo dawa ni kubadili kanuni. Nchini Marekani, bwawa la Mendocino huko California liliruhusiwa kwa majaribio kuendeshwa kwa kufuata utabiri wa mvua. Katika majira ya baridi makavu ya 2020 lilibakiza maji zaidi kwa karibu asilimia 20 kuliko ambavyo kanuni za kawaida zingeruhusu. Mvua haikuongezeka. Kilichobadilika ni ruhusa ya kuuamini utabiri pale unaposema hakuna dhoruba inayokuja.

Dalili: taarifa ilifika, ikasomwa, hakuna kilichofanyika

Hii ndiyo dalili inayoua watu wengi kuliko zote, na ndiyo inayoniumiza zaidi. Huko Somalia, kuanzia nusu ya pili ya mwaka 2010, wataalamu walitoa tahadhari moja baada ya nyingine kwamba mvua zingekuwa haba na njaa ilikuwa inakaribia. Msimu wa kwanza ukafeli, halafu wa pili. Tamko rasmi la baa la njaa lilitolewa Julai 20, 2011, na msaada mkubwa ulianza kumiminika baada ya tamko hilo. Makadirio yaliyofanywa baadaye yalifikia takriban watu 260,000 waliokufa, karibu nusu yao wakiwa watoto chini ya miaka mitano. Vita na vizuizi vya kufikisha misaada vilichangia sana. Hata hivyo, tahadhari ilikuwepo mapema, na ilikuwa sahihi.

Sababu ya kawaida ni kwamba fedha na mamlaka hufunguliwa na ushahidi wa maafa, wala si na uwezekano wa maafa. Mkuu wa idara anayetumia bajeti kwa tukio ambalo halijatokea atahojiwa. Anayesubiri picha za mafuriko ahojiwa na nani? Akiwa na akili timamu atasubiri. Kumpelekea ramani zenye rangi kali zaidi hakubadilishi hesabu hiyo.

Dawa ni kuamua kabla ya msimu, watu wakiwa wametulia. Mnaandika: utabiri ukifikia kiwango hiki, hatua hii inachukuliwa, na fulani, kwa fedha hizi zilizokwisha kutengwa, ndani ya siku hizi. Siku kiwango kinapofikiwa, mjadala unakuwa umekwisha zamani na hakuna anayelazimika kuwa shujaa. Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu vimekuwa vikitumia utaratibu huu kwa miaka kadhaa sasa. Julai 2020 Umoja wa Mataifa uliutumia nchini Bangladesh, ambako fedha zilitolewa kwa kufuata utabiri wa mafuriko, kabla maji hayajafika kileleni.

Kwenye makubaliano kama hayo, kagua kwanza safu ya muda. Nimeona mipango mizuri ambamo utabiri unapatikana siku tatu kabla ilhali ununuzi wa vifaa unachukua wiki mbili. Mpango wa namna hiyo umekufa kabla haujazaliwa. Ama vifaa vinunuliwe na kuhifadhiwa mapema kwa kufuata mwelekeo wa msimu, ama hatua ibadilishwe iwe ile inayowezekana ndani ya siku tatu.

Dalili: "Mlisema mvua nyingi, tumepata ukame"

Kabla ya kujitetea au kuomba radhi, tafuta maneno yaliyoandikwa kwenye taarifa ya awali. Mara nyingi utakuta ilisema hivi: uwezekano wa mvua juu ya wastani asilimia 45, karibu na wastani asilimia 35, chini ya wastani asilimia 20. Hadi taarifa inafika kwenye kichwa cha habari, imekuwa "mvua kubwa zinakuja". Asilimia 20 imetupwa njiani, nayo ndiyo iliyotokea.

Tuelewane namba hizo zinatoka wapi. Wataalamu huchukua mvua za msimu huohuo kwa miaka 30, wakazipanga kuanzia mwaka mkavu kabisa hadi wenye mvua nyingi kabisa, kisha wakakata mafungu matatu ya miaka kumi kumi. Bila utabiri wowote, kila fungu lina nafasi ya asilimia 33. Kwa hiyo 45 maana yake ni kwamba mizani imeinamia upande wa mvua kwa kiasi. Msimu mkavu umepungua nafasi kutoka mmoja kati ya mitatu hadi mmoja kati ya mitano. Mmoja kati ya mitano hutokea, tena bila ajabu.

Kuna jambo la pili ambalo taarifa nyingi hulisahau kabisa. "Juu ya wastani" inahusu jumla ya msimu kwa eneo pana. Haisemi mvua itaanza lini, wala kama kutakuwa na wiki tatu kavu katikati. Jumla inaweza kuwa kubwa kwa sababu ya dhoruba nne nzito huku mazao yakiwa yameungua kati ya dhoruba moja na nyingine. Na "chini ya wastani" mahali penye mvua nyingi huenda bado ikatosha. Toa milimita pamoja na fungu: katika eneo hili, fungu la chini lina maana ya chini ya milimita ngapi?

Gharama ya kupoteza asilimia njiani inajulikana. Msimu wa 1997/98 El Niño, yaani kupanda kwa joto la Bahari ya Pasifiki, ilikuwa kali mno, na kusini mwa Afrika matarajio yalielekea kwenye ukame. Nchini Zimbabwe wakopeshaji walibana mikopo ya kilimo na wakulima wakapunguza maeneo ya kulima. Mvua zikaja karibu na wastani katika sehemu nyingi. Mavuno yalipotea kwa sababu uwezekano ulishikwa kama uhakika, na imani kwa watabiri ikapotea pamoja nayo.

Je, utabiri ule ulikuwa "wa uongo"? Msimu mmoja hauwezi kujibu swali hilo. Kusanya mara zote ambazo kituo kilisema asilimia 40, uhesabu ni mara ngapi tukio lilitokea. Ikiwa ni karibu mara nne katika kila kumi, namba zake zinaaminika. Ikiwa ni mara moja tu katika kila kumi, hapo sasa tatizo liko kwenye modeli na wataalamu wanapaswa kulirekebisha. Kila taasisi inayotoa asilimia ingepaswa kuchapisha hesabu hii mbele ya watumiaji wake, hata pale inapoiaibisha.

Dalili: namba moja iliaminiwa kupita kiasi

Majira ya kuchipua ya 1997, mji wa Grand Forks katika jimbo la North Dakota uliambiwa kwamba mto Red ungefikia futi 49, takriban mita 14.9. Watu wakajenga kingo za kuzuia maji kwa kutazama namba hiyo, wakaongeza kidogo juu yake kwa usalama. Mto ukafika futi 54.35, kama mita 16.6. Kingo zikashindwa na sehemu kubwa ya mji ikazama.

Kosa la kiasi hicho halikuwa la ajabu katika historia ya utabiri wa mito. Ajabu ni kwamba waliojenga kingo hawakuambiwa ukubwa wa kosa la kawaida, na namba moja tupu hubeba sauti ya uhakika kuliko anayeitoa anavyokusudia. Ukikuta dalili hii, usitafute namba bora. Tafuta upana wake. Siku hizi upana unapatikana: kituo cha Ulaya cha utabiri wa masafa ya kati, ECMWF, huendesha modeli yake mara 51 kwa kubadilisha kidogo hali ya kuanzia, na matokeo hayo 51 yakitawanyika yanakuonyesha mahali ambapo uhakika haupo. Wanaotoa taarifa hupenda kuchukua wastani wa matokeo hayo na kutupa mengine. Kwa mtu anayejenga ukingo, tokeo la juu kabisa lina thamani kuliko wastani.

Usiogope kwamba kiongozi "atachanganyikiwa" akipewa upana. Mtu anayepanga bajeti, mikopo na ulinzi anaishi na mashaka kila siku. Anachokihitaji ni kuuliza swali rahisi: nikijenga hadi mita 15, kuna nafasi gani maji yapite juu? Na nikiongeza mita moja?

Dalili: "Kila mara mnatoa tahadhari, hakuna kinachotokea"

Hapa kaa na karatasi. Tuseme hatua ya kujikinga inagharimu 10, na usipojikinga maafa yakaja unapoteza 100, hasara ambayo hatua hiyo ingeizuia yote. Kwa hesabu hiyo, inafaa kuchukua hatua kila uwezekano unapozidi asilimia 10, yaani 10 gawanya kwa 100. Ukichukua hatua kwenye asilimia 10 kamili, mara tisa kati ya kumi utakuwa umejikinga bure, na bado kwa muda mrefu hutakuwa umepata hasara; juu ya hapo unatoka na faida. Mwingine ambaye hatua yake inagharimu 60 kwa hasara ileile ya 100 anapaswa kusubiri hadi asilimia 60. Utabiri ni uleule, siku ni ileile, na watu wawili wenye busara wanafanya mambo tofauti.

Kwa hiyo tahadhari moja yenye kiwango kimoja kwa watumiaji wote lazima iwe na kelele nyingi kwa baadhi yao na iwe imechelewa kwa wengine. Kagua kiwango kiliwekwa na nani na kwa ajili ya nani. Kama kiliwekwa na ofisi ya watabiri kwa kuangalia takwimu za mvua pekee, hakuna aliyewauliza watumiaji gharama zao. Gawanya: hospitali ipate asilimia zake, kampuni ya umeme zake, wavuvi zao. Na kabla ya msimu waambie wazi mara ngapi watajikinga bure kwa kiwango walichokichagua. Aliyeambiwa "tisa kati ya kumi" akaridhia, hakasiriki mara ya tatu.

Upande wa pili wa dalili hii ni takwimu ya usahihi inayojisifu. Mwaka 1884, John Finley wa Marekani alitoa utabiri wa vimbunga vya nchi kavu uliokuwa sahihi kwa zaidi ya asilimia 96. Wakosoaji wakaonyesha kwamba kama angesema kila siku "hakuna kimbunga", angepata zaidi ya asilimia 98. Tukio likiwa adimu, usahihi wa jumla hauna maana yoyote kwa anayeamua. Muulize mtabiri maswali mawili: kati ya matukio yaliyotokea, uliyaona mangapi kabla? Na kati ya tahadhari ulizotoa, ngapi zilikuwa bure?

Dalili: utabiri ni sahihi lakini haujibu swali

Kwa kawaida masafa, yaani umbali wa muda ambao utabiri unatazama mbele, yamechanganywa. Hali ya siku fulani, saa fulani, haitabiriki zaidi ya wiki mbili hivi kwa sababu makosa madogo ya mwanzo hukua. Mwelekeo wa msimu unawezekana kwa sababu nyingine kabisa: bahari hubadilika polepole na kuisukuma hewa kwa miezi, kama El Niño na joto la Bahari ya Hindi linavyofanya. Kati ya hayo mawili, wiki ya tatu na ya nne, uwezo ni mdogo, na ni heri kusema hivyo kuliko kujaza ukurasa. Anayekuuliza miezi minne kabla kama tarehe fulani itakuwa na mvua apewe jibu la ukweli kwamba hakuna anayejua, kisha apewe kile kilichopo: katika miaka 30 iliyopita, tarehe hiyo ilikuwa na mvua mara ngapi.

Makadirio ya tabianchi ya mwaka 2050 au 2080 ni kitu kingine tena. Hayo si utabiri. Ni jibu la "ikiwa": ikiwa gesi joto zitatolewa kwa kiasi hiki, hali ya hewa itaelekea hivi. Hayafai kupanga msimu ujao, na mwelekeo wa msimu ujao haufai kusanifu daraja. Mhandisi anayetumia mvua "ya mara moja katika miaka 100" akumbuke pia kwamba kipimo hicho kina nafasi ya asilimia 1 kila mwaka. Kwa miaka 30 nafasi ya kuipata angalau mara moja ni kama asilimia 26, na hiyo ni kabla ya kuhesabu kwamba hewa yenye joto zaidi hubeba mvuke zaidi, takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi.

Dalili: tahadhari ilisikika, watu wakabaki nyumbani

Julai 2021 mafuriko yaliua zaidi ya watu 180 nchini Ujerumani, wengi wao katika bonde la mto Ahr. Mvua kubwa ilikuwa imetabiriwa siku kadhaa kabla, na tahadhari zilitolewa, katika nchi tajiri yenye rada na satelaiti. Pale Altenahr, rekodi ya kipimo cha mto kabla ya hapo ilikuwa kama mita 3.7, ya mwaka 2016. Jioni ya Julai 14 maji yalipita mita 5 na kipimo chenyewe kikasombwa. Wakazi waliokumbuka 2016 walijiandaa kwa mafuriko ya 2016.

Tahadhari inayosema "milimita 150 kwa saa 24" inamwachia mkazi kazi ya kukokotoa maji yatafika wapi. Hawezi, na si kazi yake. Ndiyo maana Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likihimiza utabiri unaotaja madhara: barabara ipi itakatika, ghorofa ya chini ya majengo yapi itajaa, kuanzia saa ngapi. Ili kuandika hivyo, mtabiri anahitaji kukaa meza moja na watu wa mito, barabara, afya na uokoaji, kwa kuwa ramani ya nani yuko wapi wanayo wao. Ikiwa tukio linapita kumbukumbu ya walio hai, liseme kwa maneno hayo hayo: maji yatapita alama ya mwaka ule, ondoka hata kama nyumba yako ilinusurika wakati huo.

Dalili: simu inasema jua, mamlaka inasema mvua

Programu nyingi za simu huonyesha tokeo la modeli moja kwa nukta moja ya ramani, bila mtu kulipitia. Kwa tahadhari za hatari, chanzo ni mamlaka ya taifa ya hali ya hewa. Mamlaka nayo isikae kimya ikiona tofauti. Itoe maelezo mafupi siku hiyohiyo, maana ukimya huchukuliwa kuwa jibu.

Dalili: ilifanya kazi, kisha ikafa

Kagua mishahara. Huduma nyingi zilijengwa na mradi wa miaka mitatu, mtu mmoja mwenye bidii akawa ndiye daraja kati ya watabiri na wapangaji, mkataba wake ukaisha. Kazi ya daraja hilo iwe nafasi ya kudumu kwenye muundo wa ofisi, yenye bajeti ya kawaida, ama sivyo huduma itarudi kuwa barua pepe isiyofunguliwa.

Mtu huyo, pamoja na mengine yote, atunze daftari moja lenye safu tano: tarehe, utabiri ulisema nini kwa asilimia, nani aliamua nini, kilitokea nini, ilimgharimu au kumwokolea kiasi gani. Daftari lijazwe siku uamuzi unapofanywa, kabla matokeo hayajajulikana. Likifikisha misimu kadhaa, viwango vya kuchukua hatua vipitiwe upya kwa kulisoma pamoja, watabiri na waamuzi wakiwa chumba kimoja.